Mkipiga "Daima", Pigeni na "Nchi ya Kitu Kidogo"!

Jamani, leo tuseme ukweli kuhusu nyimbo za amani.

Siasa ikichemka tu Afrika Mashariki, mambo matatu lazima yatokee. Wakubwa watahimiza "utulivu". Viongozi wa dini wataitwa mbele ya kamera. Na redio zitaanza kupiga wimbo wa amani asubuhi, mchana na jioni, mpaka mtoto wa chekechea aukariri. Hayo mawili ya mwanzo tumeshayasema sana. Hili la tatu watu wanalichukua kama jambo jema lisilo na mjadala. Mimi nina mjadala nalo.

Nauchukua wimbo mmoja uwe mfano: "Daima" wa Eric Wainaina, yule Mkenya aliyeanzia kwenye kundi la Five Alive. Upo ndani ya albamu yake ya Sawa Sawa ya mwaka 2001. Ni wimbo wa Mkenya anayeipenda nchi yake yote bila kuuliza nani anatoka kabila gani. Sauti tamu, ujumbe safi. Zaidi ya miaka ishirini imepita na ukipigwa popote Kenya, watu wanauitikia. Sina ugomvi na wimbo. Sina ugomvi na Wainaina, nampa tano zake zote. Ugomvi wangu ni na wanaoupiga.

Twende polepole.

Kenya ilipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 Mwai Kibaki akatangazwa mshindi, akaapishwa jioni hiyohiyo, na nchi ikawaka. Siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mnaona hapo? Mwandishi akakatazwa kuonyesha kinachotokea wakati kinatokea. Lakini "Daima" hakuna aliyeukataza. Ukapigwa redioni na kwenye televisheni mpaka ukawa kama wimbo wa pili wa taifa. Tarehe 3 Januari 2008 magazeti makubwa ya Nairobi yakatoka na kichwa kimoja cha habari, yote, yakisihi nchi iokolewe. Sisi wa kazi hii tunajua magazeti yanayoshindana yakikubaliana kichwa cha habari basi mambo yameharibika kwelikweli.

Je, wimbo ulizima moto? Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Waliokimbia makazi yao walikuwa laki kadhaa. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa Januari mosi likiwa na akina mama na watoto ndani. Vita ilipoa tarehe 28 Februari 2008, pale Kibaki na Raila Odinga walipotia saini mkataba wa kugawana madaraka mbele ya Kofi Annan. Karatasi. Kalamu. Vyeo vilivyoandikwa kimoja kimoja.

Najua mtaniambia: "Wewe kijana, wimbo ulitupa moyo wakati wa hofu." Sawa, nakubali. Mtu aliyejifungia ndani na watoto, akisikia panga likigongwa nje, anahitaji kusikia sauti inayomwambia kwamba bado ana nchi. Hilo wimbo ulilifanya na hakuna wa kuunyang'anya. Lakini kumpa moyo aliyejifungia ndani na kumwondoa mwenye panga mlangoni ni kazi mbili tofauti. Kosa letu ni kudhani ya kwanza imemaliza ya pili.

Sasa nije kwenye kichwa cha makala hii.

Albamu hiyohiyo ya Sawa Sawa ina wimbo mwingine, "Nchi ya Kitu Kidogo". Msomaji wa huku kwetu asiyejua Kiswahili cha Nairobi, "kitu kidogo" ni rushwa. Ni ile chai ya trafiki, ile soda ya karani, ile bahasha ya bwana mkubwa. Wainaina aliyasema hayo Moi akiwa bado Ikulu, na wakubwa wa wakati ule hawakuufurahia wimbo huo hata kidogo. Mtu mmoja, sauti moja, albamu moja. Wimbo mmoja unawaambia wananchi waipende nchi. Wa pili unawaambia wenye nchi waache kuiiba. Nchi ilipowaka, ni upi uliotolewa kabatini?

Mnajua jibu.

Na hapo ndipo ninapogoma. "Daima" ukiutenga na ndugu yake unageuka kuwa maneno ya kumtuliza aliyeibiwa huku mwizi akiondoka taratibu na mzigo. Mtunzi alitupa dawa mbili zinazokwenda pamoja. Tukachukua yenye sukari, chungu tukaimwaga, halafu tunashangaa ugonjwa unarudi kila baada ya miaka mitano.

Wapo watakaosema nadharau nguvu ya nyimbo. La hasha. Mtu wa ukanda huu hawezi kudharau nguvu ya wimbo, maana tunamjua Simon Bikindi. Alikuwa mwanamuziki maarufu wa Rwanda. Nyimbo zake zilipigwa na RTLM, ile redio ya chuki, mwaka 1994. Mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha ilimhukumu miaka 15 jela tarehe 2 Desemba 2008. Na kilichomtia hatiani hasa hakikuwa nyimbo. Yalikuwa maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani, akihimiza Watutsi wauawe.

Basi swali linakuja lenyewe: kama muziki unaweza kusaidia kuua, kwa nini usiweze kuokoa?

Jibu langu ni hili. Nyimbo za chuki hazikufanya kazi peke yake. Nyuma yake kulikuwa na redio yenye masafa, kulikuwa na Interahamwe waliofunzwa, kulikuwa na vizuizi barabarani, kulikuwa na majina yaliyoorodheshwa. Chuki ilijengewa ofisi. Sasa niambieni, wimbo wa amani una nini nyuma yake? Una tume ya uchaguzi inayoaminiwa na aliyeshindwa? Una polisi anayemlinda mwandamanaji? Una hakimu asiyesubiri simu? Kama havipo, basi tumempeleka mwimbaji vitani na gita, wenzake wamekuja na magari.

Naandika haya nikiwa Buhigwe, na nina sababu. Hapa milima ya Burundi unaiona kwa macho, huhitaji ramani. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Tunalima kahawa ileile, migomba ileile, maharage yaleyale. Kila wenzetu walipochinjana, waliovuka walifikia mikononi mwetu: mwaka 1972, mwaka 1993 baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, na tena mwaka 2015. Mtu wa uwanda huu wa juu, kuanzia Manyovu mpaka Kasulu na Kibondo, hahitaji kuhubiriwa thamani ya amani. Ameiona ikipita barabarani imebeba godoro kichwani.

Na ameona pia nini huwarudisha watu kwao. Burundi haijawahi kukosa waimbaji wa amani. Lakini wakimbizi walianza kurudi kwa makundi makubwa baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, ule alioanza kuusuluhisha Mwalimu Nyerere, na alipofariki mwaka 1999 akaumalizia Mandela. Mkataba ule haukuwaambia Wahutu na Watutsi wapendane. Uliwaambia jeshi litagawanywaje na rais atakaa vipindi vingapi. Mambo makavu kabisa, hayana kiitikio. Lakini mambo hayo makavu ndiyo yaliyosaidia mpaka kambi ya Mtabila huku Kasulu ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2012.

Halafu mwaka 2015 Pierre Nkurunziza akataka kipindi cha tatu. Ugomvi wa kipengele kimoja tu, kile cha vipindi! Mwezi Mei likajaribiwa jaribio la kumpindua, likashindwa, na katika siku hizo redio zikashambuliwa, RPA, Bonesha, Isanganiro, hata Rema FM iliyokuwa upande wa serikali. Ukitaka kujua wenye bunduki wanaogopa nini, tazama wanachokichoma kwanza. Wakimbizi zaidi ya 200,000 wakaingia Tanzania. Nyarugusu ikafurika, Nduta ikafunguliwa upya, Mtendeli ikafuata. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta ule tuliujenga kwa maturubai.

Sasa nirudi kwetu wenyewe, maana kumsema jirani ni rahisi.

Watanzania tumelelewa na wimbo mmoja: sisi ni kisiwa cha amani. Nimeshakaa kwenye semina za waandishi ambako siku nzima tunafundishwa kuandika "habari za amani", na hakuna dakika tano za kuuliza amani hiyo inatokana na nini. Ukiuliza unaonekana mchochezi. Neno "amani" limegeuzwa kuwa kufuli. Mwenye shamba lililochukuliwa akilalamika, anaambiwa asivuruge amani. Kijana asiye na kazi akipiga kelele, asivuruge amani. Mpinzani akitaka daftari la wapiga kura, asivuruge amani. Kwani amani ni ya nani, hata kila anayedai haki yake awe mvurugaji?

Tarehe 29 Oktoba 2025 tukapata jibu. Uchaguzi ambao CHADEMA haikuwemo, Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Vijana wakaingia barabarani. Watu waliuawa. Intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Dar es Salaam watu wakakatazwa kutoka nje usiku. Nyimbo zote za kisiwa cha amani, miaka yote ile, hazikumzuia hata mmoja asife.

Msiniambie tatizo ni kwamba hatukuimba vya kutosha.

Wakenya wenyewe wametuonyesha tofauti. Mwaka 2013 vyombo vyao vya habari vilihubiri amani mpaka vikalaumiwa kwamba vimejiziba midomo: mitambo ya kielektroniki ilikwama siku ya uchaguzi, na maswali makali yakaonekana ni utovu wa uzalendo. Lakini walikuwa na katiba mpya ya mwaka 2010 na mahakama ya kupeleka malalamiko. Na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ikafuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani. Kwa ushahidi na hoja! Sisemi Kenya imepona. Mwaka huohuo watu waliuawa, na Juni 2024 vijana walipigwa risasi wakipinga Muswada wa Fedha. Ninachosema ni kwamba hukumu ile ilimpa aliyeshindwa sababu ya kwenda mahakamani kesho badala ya kuchukua jiwe leo. Hiyo sababu wimbo hauwezi kuitoa.

Basi tuache kupiga nyimbo za amani? Hapana. Pigeni. Lakini fanyeni na kazi inayoupa wimbo maana. Burundi mwaka 1995, katikati ya vita, ilianzishwa Studio Ijambo. Waandishi Wahutu na Watutsi walikwenda kuripoti wawili wawili, ili habari moja ipite kwenye macho mawili kabla haijamfikia msikilizaji. Hiyo ndiyo redio ya amani ninayoielewa. Haikuwaambia watu watulie. Iliwaambia kilichotokea, kwa namna ambayo pande zote mbili zingeweza kukiamini. Sisi waandishi wa Tanzania tunaweza hilo. Tunaweza kuwahesabu waliokufa kwa majina. Tunaweza kuuliza ardhi ya kijiji imeuzwa na nani. Tunaweza kumwuliza mkuu wa wilaya fedha za zahanati ziko wapi, na tukamwuliza tena wiki ijayo.

Nina hoja moja kwa mameneja wa vituo vya redio, kuanzia Kigoma mpaka Mombasa. Siku mkiona hali inachafuka na mkono wenu unakwenda kwenye "Daima", upigeni. Ukiisha, msiweke tangazo la sabuni. Wekeni "Nchi ya Kitu Kidogo". Halafu fungueni simu, msikilize wananchi wanasema nini kuhusu nyimbo zote mbili.

Mkishindwa kuupiga wa pili, basi msitudanganye kwamba wa kwanza mnaupiga kwa ajili ya amani. Mnaupiga ili tulale. Na sisi huku mpakani tumeshaona sana nini kinawapata waliolala.

Naomba kutoa hoja. Anayepinga aje na hoja, si matusi.