Shaba Iliyomo Ndani ya Popoo

Mwaka 1952 tabibu mmoja, Schwartz, alieleza ugonjwa aliouona kwa wanawake watano wa Kihindi nchini Kenya. Utando wa ndani ya vinywa vyao ulikuwa umekakamaa kwa makovu, vinywa havifunguki sawasawa. Leo wagonjwa wa namna hiyo ni wengi India, wakiwemo vijana. Si saratani bado. Lakini huko Kerala wagonjwa 66 walifuatiliwa kwa miaka 17, na asilimia 7.6 kati yao wakaishia kupata saratani ya kinywa.

Watafiti waliopima damu ya wagonjwa wa namna hii mara nyingi wamekuta shaba imepanda, huku chuma na zinki vimeshuka, ingawa majibu hayalingani kila mahali. Akisoma hivyo, mtu hukimbilia vidonge: tumwongezee mgonjwa kilichopungua, yaishe. Haraka hiyo inapotosha.

Wagonjwa hawa kwa kawaida ni watafunaji wa popoo, kokwa ya mpopoo, na popoo ina shaba nyingi. Mtafunaji anapoizungusha shavuni kutwa, shaba hutoka na kuingia kwenye mate, kisha utandoni. Humo huhitajiwa na kimeng'enya kiitwacho laisili oksidesi, ambacho kazi yake ni kufunga nyuzi za kolajeni pamoja. Zikishasukwa zikakaza kama ukili, mwili hauzifumui kwa urahisi. Arekolini, kemikali nyingine ya popoo, nayo huzichochea seli zitengeneze nyuzi zaidi. Na chuma? Mtu ambaye kinywa hakipanuki, na pilipili kidogo tu inamuunguza, atakula nini cha kumwongezea damu? Huenda upungufu huo ni tokeo la ugonjwa kuliko chanzo chake. Vidonge vina nafasi yake, ila haviitoi popoo shavuni.

Kuanzia 2012 majimbo ya India yalipiga marufuku gutka, mchanganyiko wa popoo na tumbaku. Wafanyabiashara, ambao ujanja hauwaishi, wakauza pakiti mbili: moja ya popoo, nyingine ya tumbaku, mteja achanganye mwenyewe. Mara nyingi popoo ikapita salama, ilhali tangu 2004 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilikwisha kuiweka, hata bila tumbaku, kwenye kundi la visababishi vya saratani.

Zanzibar na Mombasa, tambuu yenye popoo lakini isiyo na tumbaku bado huhesabiwa kuwa burudani tu. Onyo la saratani liandikwe kwenye pakiti ya popoo yenyewe, na daktari wa meno aulize habari za popoo kabla hajaandika zinki.