Jina Kwanza, Mayai Baadaye

Bustani ya wanyama inapotangaza kwamba mamba wake adimu ametotoa, sote tunashangilia. Toleo hili linaomba tuulize kwanza: mamba huyo ni wa spishi gani, na nani amethibitisha?

Mwaka 1807 Mfaransa Étienne Geoffroy Saint-Hilaire alisema kuna mamba wa pili katika Afrika, tofauti na mamba wa Nile, akamwita suchus. Wenzake hawakumkubali. Ilipofika 2011, watafiti wakiongozwa na Evon Hekkala walipima vinasaba vya mamba wa leo pamoja na vya mamba waliokaushwa na Wamisri wa kale, wakakuta mzee yule alikuwa sahihi. Tena mamba wa Nile, huyu wetu wa Mara na Rufiji, ana undugu wa karibu zaidi na mamba wa Amerika kuliko na suchus wa Afrika Magharibi. Na baadhi ya mamba waliofugwa Ulaya na Marekani chini ya kibao cha “mamba wa Nile” walikuwa suchus.

Kibao kikikosewa, wageni wamedanganywa. Ndoa ikikosewa, hasara haifutiki. Kambodia ililiona hilo mapema. Mamba wa Siam alidhaniwa ametoweka porini huko mpaka alipoonekana tena mwaka 2000 katika milima ya Cardamom. Huku nyuma, wenye mashamba ya ngozi walikuwa wamemchanganya na mamba wa maji chumvi na mamba wa Cuba. Siam ana kinundu cha mfupa nyuma ya kila jicho, lakini chotara naye anaweza kuwa nacho, hivyo hata mlishaji wake wa kila siku hawezi kuapa. Kipimo ndicho huamua, na kipande kidogo cha gamba la mkia kinatosha. Mwaka 2009 mamba 69 wa kituo cha Phnom Tamao walipimwa: 35 tu ndio waliokuwa Siam halisi. Fikirieni wote 69 wangezalishwa pamoja, kisha watoto wao wakaachiliwa mtoni kwa wale wachache waliosalia.

Wapo wanaosema wanyama wameshakuwa wachache mno, tuache wazaane tu. Tunawapinga. Kobe wa kisiwa cha Española, Galápagos, walibaki 14, majike 12 na madume 2. Dume wa tatu, Diego, alikuwa San Diego, Marekani. Asili yake ilipotambuliwa akarudishwa miaka ya 1970, na programu ya kuwazalisha ilipofungwa mwaka 2020 kobe wapatao 2,000 walikuwa wamezaliwa. Bila utambuzi huo, Diego angebaki kobe wa kutazamwa.

Kwa hiyo tunawasihi wenye bustani na wafadhili wao: pimeni kabla ya kuoanisha, andikeni kila mnyama alikotoka, na daftari hilo lisifungiwe kabatini. Nanyi wasomaji, mkitembelea bustani, ulizeni.