Zege lipimwe kabla akiba ya ada haijaguswa

Familia nyingi hujenga kidogo kidogo. Mshahara ukiingia wananunua tofali, mchezo wa kikoba ukitoka wananunua nondo. Utaratibu huo unafaa kwa kuta, maana ukuta unaweza kuishia kozi ya tano ukasubiri mwezi ujao. Zege halisubiri. Jamvi likianza kumwagwa asubuhi linatakiwa liishe siku hiyo hiyo. Saruji ikikatika katikati, baba hukimbilia duka la karibu na kununua kwa bei yoyote, na fedha inayochomolewa huwa ile iliyotengwa kwa ada ya Januari.

Tatizo huanzia kwenye swali. Mama anauliza, "Fundi, mifuko mingapi?" Fundi anatazama kiwanja na kujibu, "Andaa sitini, mama. Ikipungua tutaongeza." Hapo hakuna aliyepima. Idadi ya mifuko hupatikana mwishoni, baada ya kujua urefu, upana na unene.

Mfano ni familia inayotaka kumwaga jamvi la nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, unene sentimita 10, yaani mita 0.1. Hesabu ni 10 × 8 × 0.1, sawa na mita 8 za ujazo za zege.

Zege hilo likichanganywa kwa uwiano wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kila mita ya ujazo hula takriban mifuko 6.3 ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.44 na kokoto 0.88. Vitu vikavu vinazidi zege lenyewe kwa sababu mchanga na saruji huingia kwenye nafasi zilizo kati ya kokoto. Kwa mita 8, hiyo ni mifuko 51, mchanga 3.5 na kokoto 7. Ikiongezwa sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kumwagika na kupotea, mifuko inakuwa 56.

Uwiano ukiwa 1:3:6, jamvi hilo hilo litachukua mifuko 36 hivi kabla ya nyongeza. Ndiyo maana mafundi wawili wanaweza kutaja idadi tofauti na wote wakawa sahihi. Uwiano ukubaliwe kwanza, bei baadaye. Kwa zege lenye nondo, kama nguzo na lenta, 1:3:6 haifai.

Kwa asiyependa hesabu ndefu, mfuko mmoja kwa 1:2:4 hutosha eneo la mita 1.5 za mraba likiwa na unene wa sentimita 10. Veranda ya mita 4 kwa 1.5 ina mita 6 za mraba, basi ni mifuko 4.

Mifuko mingi huliwa na ardhi isiyosawazishwa. Kifusi kikiwa chini kwa sentimita 2.5 tu kuliko ilivyopangwa, jamvi la mfano huu linaongezeka mita 2 za ujazo, karibu mifuko 13. Dawa yake ni kuvuta kamba kutoka mambo hadi mambo, kisha kupima kina kwa futi sehemu nyingi, si pembeni pekee. Pale palipo chini pajazwe kifusi na kushindiliwa. Kifusi ni rahisi kuliko saruji.

Lenta nayo husahaulika. Mzunguko wa nyumba hiyo ni mita 36. Lenta yenye upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 20 ni zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo, mifuko 7, bila kuta za ndani.

Siku ya kumwaga, vipimo viwe vya ndoo, si koleo, maana koleo moja hujaa na jingine hupungua. Mfuko wa saruji una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa 1:2:4, kila mfuko uende na ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga, ndoo saba za kokoto, na maji lita 25 hivi, yapunguzwe mchanga ukiwa umelowa. Maji yakizidi, zege hulainika na kuwa rahisi kusambaza, lakini likikauka huwa dhaifu.

Mali bila daftari huisha bila habari. Vipimo, uwiano na idadi ya mifuko viandikwe mbele ya fundi kabla ya kwenda dukani. Hesabu yenyewe ni ya ujazo, ile wanayofundishwa watoto shule ya msingi. Mtoto wa darasa la saba apewe futi na kalamu aihakiki kabla fedha haijatoka.