Mche tunaujua kwa namba, dawa tunainywa bila jina

Ukija kwenye kitalu changu hapa Naliendele kutaka mche wa mkorosho, swali la kwanza litatoka kwako: huu umebebeshwa kikonyo cha aina gani? Nikikujibu AC4 utatoa hela. Nikikujibu "ni mkorosho mzuri tu" utaondoka zako. Kituo cha utafiti wa kilimo kipo hapa jirani na kimetuzoesha hivyo. Lakini mnunuzi huyo huyo, tumbo likimkata, anashuka mjini sokoni kununua unga wa kahawia uliofungwa kwenye karatasi ya daftari. "Dawa ya tumbo hiyo, mama. Kijiko kimoja kwenye uji." Mti gani? Gome au mzizi? Haulizi, na akiuliza, muuzaji anadhani anataka kumwibia biashara.

Sina ugomvi na mitishamba. Mwarobaini upo uani kwangu na ninautumia. Ninachodai ni jina la mti kwenye kila pakiti.

Chukueni mbono. Wapo wanaosema mbono wakiwa na maana ya mbarika, ule wenye matunda ya miiba. Punje zake zina madoa na zinang'aa, ukizimwaga chini utadhani kupe walioshiba. Huo ndio wa mafuta ya nyonyo. Wengine wakisema mbono wana maana ya mbono kaburi, tunaoupanda kuwa ua kwa sababu mbuzi haugusi. Tunda lake halina miiba, likiiva ni la njano, kisha linakauka na kuwa jeusi, na ndani mna punje nyeusi, mara nyingi tatu. Kiini cha punje hizo kina utamu wa karanga, na hapo ndipo watoto wanapoponzeka.

Mtoto wa jirani yangu alizila akatapika mpaka akalegea. Zahanati, muuguzi akauliza amekula nini. Mama mtu akajibu mbono. "Mbono upi, dada yangu?" Ikabidi mtu apande bodaboda arudi kuchuma tawi. Punje za miti yote miwili zina sumu, ila si sumu moja, na ya mbarika ndiyo kali zaidi. Mtoto alipona. Sasa fikirieni dawa iliyokwisha kusagwa: hapo hakuna hata tawi la kumwonyesha muuguzi.

Najua waganga watanijibu nini. Sheria ya mwaka 2002 imewapa baraza lao na usajili, lakini siri ya mti ndiyo mtaji. Ukiutaja leo, kesho kila mtu yuko porini na jembe. Kuna ukweli hapo, maana mti ukishapata sifa huchimbwa mizizi mpaka unakauka. Hata hivyo ujuzi wa mganga uko kwenye kipimo, kwenye kuchanganya na kwenye kumsoma mgonjwa. Mwaka 2011 nchi nzima ilijua kikombe cha dawa alichokuwa akiwanywesha watu Babu wa Loliondo kinatokana na mti wa mugariga, wataalamu wakautambua kuwa ni Carissa, na sikusikia kwamba foleni kwa Babu ilipungua kwa sababu hiyo.

Jina la Kimakonde peke yake halitoshi. Dawa zinavuka mto Ruvuma mpakani pale Kilambo, muuzaji Mmakua, mnunuzi Myao, na kila mmoja ana jina lake. Basi yaandikwe la kienyeji, la Kiswahili na la Kilatini. Ricinus communis na Jatropha curcas hayagongani popote duniani. Mtasema Kilatini ni cha wasomi. Mbona AC4 tumeishika?

Halmashauri na watafiti watenge kipande cha bustani hapa hapa, kila mti na kibao chake. Muuza dawa aje na tawi lenye maua au matunda, maana jani tupu hudanganya, atambuliwe mti wake na aandikiwe jina bila kutozwa hata shilingi. Miche ya mbarika na ya mbono kaburi nitaitoa mimi kitaluni, bure.