Ushujaa: Asili ya Neno Si Asili ya Dhana

Imekuwa desturi ya baadhi ya wahakiki wetu kudai kwamba, kwa kuwa neno 'shujaa' lina asili ya Kiarabu, basi dhana ya ushujaa katika fasihi ya Kiswahili nayo ni ya kuazimwa. Wengine, huku wakidhani wanaipinga hoja hiyo, hutaka neno litupwe na mahali pake pawekwe 'jagina'. Pande zote mbili zinapotoka, kwani zinachanganya asili ya neno na asili ya dhana.

Kwamba shina la neno hili ni la Kiarabu, hilo halina ubishi. Hata hivyo, Kiarabu kina nomino yake ya dhahania, 'shajaa', na Kiswahili hakikuichukua. Kilichukua jina la mtu, kikalipachika kiambishi u-, kikapata 'ushujaa'. Wingi wa Kiarabu nao hakikuupokea: twasema 'mashujaa'. Ni utaratibu ule ule wa fundi, mafundi, ufundi. Neno lililokubali sarufi ya wenyeji kiasi hiki haliwezi kuitwa mgeni.

Tukija kwenye maana, hoja ya wapinzani wetu inazidi kudhoofika. Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hapa shujaa hasifiwi tu. Anahesabiwa gharama, na wanaoilipa ni jamaa zake waliobaki. Mzani huo haukutoka katika shina la neno, bali kwa watumiaji wake.

Mzani huo huo umo katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya zamani zaidi. Liyongo anauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, naye afia kisimani akiwa ameupinda uta. Watu waogopa kuteka maji, hadi mama yake aletwe kumbembeleza maiti.

Ruth Finnegan alipotilia shaka uzito wa tendi za kishujaa barani Afrika mwaka 1970, wanazuoni wetu walimjibu kwa matini. Anayedai leo kwamba ushujaa wetu ni wa mkopo anairejesha shaka hiyo kwa mlango wa nyuma, tena bila kuzisoma matini hizo. Tunalohitaji ni uchunguzi wa matumizi ya neno katika tendi na methali. Kibadala hakihitajiki.