Wanyama wa Serikali, Mashamba ya Wanyonge



Kuna swali ambalo wakuu wetu hawapendi kuulizwa hadharani: ni nani mwenye mamlaka juu ya mnyama anayelala Shimba Hills na kula katika mashamba ya Kwale?

Jibu la sheria ni fupi. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini kote. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikulegeza kamba: hata awindaye kitoweo cha nyumbani iliwekewa faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita. Nayo Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeuweka uwindaji na ulinzi wa wanyama mikononi mwa serikali ya taifa. Kaunti imeachiwa kutekeleza sera iliyokwisha kuandikwa na wengine.

Hatuombi bunduki zirudi msituni. Palahala wa Shimba Hills hawapatikani kwingine katika Kenya, nasi twawaonea fahari. Tunalolipinga ni dhana kwamba mwenyeji ni jangili mpaka athibitishe vinginevyo. Dhana hiyo tuliirithi kwa mkoloni, aliyemuuzia mgeni leseni ya kuua tembo kwa starehe, na katika miaka ya 1950 akawafunga gerezani Wawaata kwa kuishi kwa upinde kama babu zao.

Tunaambiwa kwamba wenyeji wakipewa sauti watawamaliza wanyama. Na tuutazame ushahidi. Mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 167,000. Kufikia 1989, miaka 12 baada ya marufuku, hawakufika 20,000. Je, shehena zile za pembe zilivushwa ng'ambo na mkulima wa Msambweni mwenye mtego wa kamba? Mwanakijiji hana muhuri wa forodha.

Upande wa pili, Kaya Kinondo huko Diani ilitunzwa na wazee kwa miiko yao kabla ya kuwapo askari wa wanyamapori, na mwaka 2008 UNESCO ikaitambua, pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, kuwa urithi wa dunia. Huko Mwaluganje, mwaka 1995, wenye mashamba walikubali kuitenga ardhi yao wenyewe iwe makao ya tembo. Hao ndio maadui wa wanyama?

Tena, Maasai Mara na Shimba Hills zote ni hifadhi za taifa. Ada za Mara hukusanywa na Kaunti ya Narok. Za Shimba Hills hukusanywa na Shirika la Wanyamapori, KWS. Iliyo haki kwa Narok imekuwaje dhambi kwa Kwale?

Serikali ikidai kwamba mnyama ni wake, basi hasara nayo ni yake. Mwenye ng'ombe akiharibiwa jirani mazao huitwa mbele ya wazee mara moja. Sheria ya 2013 iliahidi shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, lakini madai ya wananchi yamekuwa yakizungushwa ofisini miaka na miaka.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu serikali moja kuikabidhi nyingine majukumu kwa makubaliano. Makubaliano hayo yafanywe, ili nyani na nguruwe mwitu waharibifu washughulikiwe kwa uamuzi wa Kwale. Pili, sehemu ya ada za Shimba Hills ibaki kwa vijiji vinavyopakana nayo. Tatu, orodha ya madai ya fidia, yaliyolipwa na yasiyolipwa, isomwe barazani.

Waumini mnaijua habari ya shamba la Nabothi. Mfalme Ahabu hakulipata kwa upanga. Lilipatikana kwa barua zenye muhuri na kesi iliyopangwa. Si kila lililopigwa muhuri ni haki. Basi, kiongozi atakayekuja kuomba kura zenu aulizwe kwanza: kati ya hayo matatu, yeye atatia sahihi lipi, na lini?