Miaka 19 isifutwe na mpira mmoja

Kipa akipangua mashuti tisa, la kumi likampita, kesho yake kijiweni linajadiliwa la kumi tu. Hayo tunayajua, na tuseme ukweli, tunayafanya. Lakini kuna mtu aliyeonewa hivyo kuliko makipa wote: Mmarekani Trey Junkin.

Junkin alicheza futiboli ya kwao, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Kazi iliyomweka mjini ilikuwa ya kuinama, kuushika mpira uliolala chini na kuurusha nyuma kupitia katikati ya miguu yake. Mwenzake aliyepiga goti kama mita saba nyuma anaudaka, anausimamisha, mpigaji anaupiga upite kati ya nguzo. Yote hayo ni kufumba na kufumbua, huku majitu ya upande wa pili yakimwangukia aliyerusha. Asipokosea, hata mtangazaji hamtaji. Aliingia NFL mwaka 1983 na Buffalo Bills, akadumu misimu 19.

Alikuwa ameshastaafu pale New York Giants walipombembeleza arudi, akiwa na miaka 41. Siku chache baadaye, Januari 2003, wakacheza mechi ya mtoano na 49ers kule San Francisco. Giants wakaongoza 38-14, halafu wakalala usingizi hadi wakapitwa 39-38. Zikiwa zimebaki sekunde sita, walipata nafasi ya kupiga mpira wa ushindi. Junkin akarusha, mpira ukaenda vibaya. Mdakaji akashindwa kuusimamisha, akajaribu kuurusha mbele kwa papara, basi, mchezo ukaishia hapo.

Junkin hakujificha. Alisimama mbele ya waandishi, akabeba lawama zote peke yake.

Sisi tunauliza: pointi 24 za kuongoza nani alizipoteza? Si mzee aliyeitwa wiki ileile. Tena kesho yake NFL yenyewe ilikiri kwamba waamuzi walichemsha: mchezaji wa Giants alichezewa rafu kwenye tukio lilelile la mwisho, na Giants walistahili kulirudia. Waulize mashabiki wa huko leo. Habari ya waamuzi wengi wameisahau, ila jina la Junkin wanalo mdomoni.

Hakucheza tena NFL baada ya siku ile.